Mtoto wa Kwanza wa Watiri

Watiri ni jirani yangu hapa Ruring'u, kwenye ploti iliyo nyuma ya uwanja wa michezo, mlango wake ukitazamana na wangu. Mimi nauza maziwa katika kibanda cha mbele. Kila mtu hunywa chai, kwa hiyo kila mtu hupita kwangu, na mambo mengi nayajua bila kuyatafuta. Watu huniita Mama Griffins. Wengine huniita mdomo. Yote mawili ni kweli, ila hilo la pili nisiambiwe usoni.

Nataka kumsimulia Watiri kwa sababu ni mtu ambaye ukipishana naye njiani hutamkumbuka. Hacheki kwa sauti wala hagombani na mtu. Anafanya kazi katika duka la Ishwarlal mjini Nyeri, duka la sare za shule na mapazia, na kazi yake ni kukata vitambaa. Anasimama nyuma ya kaunta tangu asubuhi, mkasi mkononi, na pindo la kitambaa chake hunyooka hata kama hakuchora mstari. Mume wake, Gikonyo, anaendesha mashine za kuvuna ngano huko Timau. Huja nyumbani kila mwisho wa mwezi, isipokuwa wakati wa kupanda, wakati wa kuvuna na wakati mashine imeharibika, yaani haji. Mama yake Watiri, aliyeitwa Ngendo, alifariki Watiri akiwa bado shule, na hakuacha mtoto mwingine. Baba yake hata yeye mwenyewe hamjui.

Kwa hiyo jioni mlango wake hufungwa mapema. Taa huwaka, lakini husikii kitu. Siku moja nilimwuliza kwa nini hawashi hata redio. Akaniambia kwamba kusikia watu wakiongea na wao hawakuoni ni upweke juu ya upweke. 

Mimba yake ya kwanza aliificha, kama tunavyofanya huku kwetu. Mimba haitangazwi. Unavaa sweta kubwa, unasema ni baridi, na Nyeri baridi haikosekani, mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Kliniki nako unakwenda tumbo likishajisema, maana ukionekana kwenye foleni ya kliniki ni sawa na kutangaza sokoni. Watiri alifuata desturi kama alivyofundishwa. Hakumwambia mtu ila mumewe na mama mkwe wake, Phyllis Murugi, ambaye anaishi Othaya kwenye shamba la majani chai.

Julai ya mwaka ule, ukungu ukiwa umetulalia vichwani, Watiri alianza kuumwa mgongo. Mkojo ukawa unamchoma. Jioni akawa anatetemeka ndani ya blanketi. Alimpigia Phyllis simu, naye akamwambia kwamba mgongo ni wa kila mwanamke, na kwamba anywe supu ya thabai, yale majani ya kuwasha, na asijizoeshe uvivu mapema. Akanywa. Akaenda kazini. Siku chache baadaye maji yakamwagika akiwa nyuma ya kaunta, na mimba ilikuwa haijafika miezi saba.

Mtoto alikuwa msichana. Aliishi usiku mmoja na asubuhi kidogo.

Gikonyo alifika akiwa na matope ya Timau kwenye buti. Wauguzi wa hospitali wakamwuliza kama familia ingeuchukua mwili. Yeye, badala ya kumwuliza mke wake aliyelala wodini, akampigia mama yake. Phyllis akasema, "Hiyo si mtoto ya kuzika. Ni tumbo iliharibika. Achia hospitali." Gikonyo akaachia hospitali. Hadi leo Watiri hajui binti yake alilazwa wapi. Nilipoambiwa hayo nilikasirika, na hasira yenyewe haijaisha.

Maziwa yalikuja hata hivyo. Watiri alirudi kazini, na kila saa chache alikuwa akiingia stoo kukamua maziwa ndani ya kitambaa. Jasumati, mke wa Ishwarlal, alimwona blauzi imelowa kifuani. Hakumwuliza lolote. Alivuta jora la pamba, akakata kipande kikubwa bila kupima, katika duka ambalo hata uzi hupimwa, akamfunika nacho mabegani. "Vaa hii," akasema. "Hapa baridi mingi." Watiri ananiambia kwamba hayo ndiyo maneno pekee ya pole aliyoyapata mwaka ule, na hayakuwa hata na neno pole ndani yake.

Hapa lazima nieleze jambo la majina, la sivyo hamtanielewa huko mbele. Sisi Wakikuyu majina ya watoto hatuyachagui. Msichana wa kwanza ni wa mama ya mume, wa pili ni wa mama ya mke. Ndivyo mtu anavyorudi. Sasa Phyllis alijaliwa mtoto mmoja tu, Gikonyo, kwa hiyo jina la Murugi lingerudi kupitia kwa Watiri au lisirudi kabisa. Tangu siku ya harusi alikuwa akilisubiri. Yule wa Julai angekuwa Murugi. Lakini hakuhesabiwa, hakupewa jina, na watu wakaendelea kumwuliza Watiri, "Bado?" naye akawa anajibu, "Bado." Nimemsikia akilijibu neno hilo mbele ya kibanda changu mara nyingi. Kila alipolisema, alitazama chini kwenye kopo la maziwa.

Mwaka ukapita, na mwingine ukaanza. Asubuhi moja alinunua maziwa yake kama kawaida, lakini hakuondoka. Wateja wawili walipita nyuma yake, bado amesimama.

"Mama Griffins," akasema, "unaeza nisindikiza kliniki?"

Nilimtazama tumbo. Halikuwa limesema kitu. Nikajua kwamba ameamua kuvunja desturi, na kwamba hana mtu mwingine wa kuivunja naye. Nilifunga kibanda.

Kliniki nesi alikuwa mama mnene mwenye haraka. Akauliza jina, akauliza umri, kisha akauliza bila kuinua macho, "Hii ni mimba ya ngapi, mami?"

"Ya kwanza," Watiri akasema.

Nilidhani masikio yangu yamezeeka. Nikamtazama. Alikuwa ameshikilia mkoba wake kwa mikono miwili, na nikaelewa kwamba hakuwa akidanganya. Alikuwa akijibu alivyofundishwa kuhesabu. Huko Othaya ni ya kwanza, kwa Gikonyo ni ya kwanza, na yeye ni nani aseme vingine?

"Sista, si ya kwanza!" nikasema, na chumba kizima kikageuka. "Kulikuwa na mwingine. Alizaliwa, akalia, akakufa."

Watiri aliniangalia kana kwamba nimemvua nguo mbele za watu. Lakini nesi aliiweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza alimtazama vizuri. "Alikuja miezi ngapi?" akauliza, na haraka yote ilikuwa imemtoka. Watiri akamjibu kwa sauti ndogo. Nesi akatikisa kichwa. "Mami, kama huyu hangesema, tungekuweka kwa foleni ya watu hawana shida. Utaona daktari leo."

Daktari aliitwa Mutahi, kijana mwembamba mwenye miwani, nami nilikuwa tayari kutompenda. Lakini alivuta kiti akaketi mbele ya Watiri, si nyuma ya meza. Akamwuliza kama wakati ule alikuwa na homa. Ndiyo. Kama mkojo ulikuwa unachoma. Ndiyo. Kama maji yalipomwagika yalikuwa na harufu mbaya. Watiri akasita, akasema ndiyo.

"Mtu alikuambia ni nini ilifanya mtoto akuje mapema?"

"Walisema ni vile nilikuwa nabeba majora ya kitambaa."

"Si majora," daktari akasema. "Hebu niambie, nduru ikipigwa kijijini ati mwizi ameingia, nini hufanyika?"

Hapo nikajibu mimi. "Watu wote wanatoka na panga."

"Na wakishashika huyo mwizi, shamba ya mwenye alipiga nduru inakaa aje?"

"Maharagwe imekanyagwa yote."

"Basi ndio hivyo." Akamgeukia Watiri. "Wadudu waliingia kwa njia ya mkojo, na naona kama walipanda mpaka kwa ngozi inazunguka mtoto. Mwili ukapiga nduru. Hiyo kupigana ndio tunaita uvimbe, hata kama huoni mahali pamefura. Kunakuwa na joto, maumivu, damu inakimbilia huko. Sasa, kwa damu kuna chembe ndogo sana, kazi yao ni kuziba mahali umekatwa ndio usimwage damu. Hizo pia zinasikia nduru. Zinakuja, zinashikana, na zenyewe zinaita wengine. Tumbo ya uzazi inasikia hiyo kelele yote, inafikiria siku ya kuzaa imefika, inaanza kubana."

Chembe hizo alizitaja pia kwa Kizungu, nami nikalisahau jina kabla hajafunga mdomo. Watiri hakuwa akisikiliza majina.

"Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe. Mwili yako ilikuwa inakupigania, ikakanyaga mtoto. Ungekuja siku ya kwanza ya hiyo homa, labda tungezima. Nasema labda. Hata sisi hatujui yote, watu bado wanachunguza."

Nilimpenda kwa hiyo labda yake. Angeweza kumdanganya.

Akampa kidonge kidogo cheupe cha kumeza kila jioni, aspirini, lakini ndogo kuliko ile ya kichwa. Alisema inazituliza chembe zile zisishikane ovyo, ili damu impitie mtoto vizuri kwenye kondo la nyuma, na kwamba kuna wanawake ambao imewasaidia wasizae mapema, ila hawezi kumwapia kwamba naye ni mmoja wao. Asimpe mtu mwingine, na asiache bila kumwuliza. Mkojo utapimwa kila akija. "Na ukiskia homa, ukiskia mgongo, ukiskia kuchomwa, unakuja siku hiyo hiyo. Usipikiwe supu na mtu."

Tulirudi kwa miguu. Karibu na uwanja Watiri akasimama.

"Ulijuaje alilia?"

"Nani?"

"Umeambia sista alizaliwa akalia. Mimi sijawahi ambia mtu."

Nikamwambia ukweli, kwamba nilibahatisha tu, kwa kuwa nilitaka nesi asikie. Akaitikia kwa kichwa. "Alilia," akasema. "Kidogo tu." Kisha akaingia kwake, akafunga mlango, na mimi nikasimama nje nikiwa na uchungu ambao hata mume wangu alipofariki sikuupata wote kwa mara moja.

Mimba ilipofika miezi mitano, Phyllis alikuja kutoka Othaya na kiondo chenye ndizi na nduma. Si mwanamke mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu nitamsema vibaya. Ana mgongo ulionyooka, anavuna majani chai mwenyewe, na moyo wake una shida kidogo ambayo hapendi kuisema. Nilikuwa nimempelekea Watiri maziwa, nikakaribishwa chai, kwa hiyo niliyaona yote.

Phyllis aliona pakiti ya dawa kando ya chupa ya chai. Akaichukua. Akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee, kisha akafungua kiondo chake, akatoa pakiti nyingine. Zilifanana kabisa.

"Watiri, hii ni dawa yangu. Ya moyo. Wewe uko na moyo mgonjwa na hukutuambia?"

"Si moyo, Maitu," Watiri akasema. Humwita hivyo, mama kwa Kikuyu chetu. "Ni ya mtoto. Nilipewa na daktari."

"Ya mtoto! Hii inafanya damu ikuwe maji. Mimi nikijikata na kisu ya ndizi damu haishiki. Unataka kumwaga mtoto?" Akazitia pakiti zote mbili ndani ya kiondo. "Mtoto wa kwanza hatuwezi mchezea."

Mtoto wa kwanza. Nilimwona Watiri akifumba macho. Lakini mke wa mtoto habishani na mama mkwe, na Watiri alikuwa na adabu kupita kiasi. Aliinuka, akammiminia chai nyingine.

"Mama Gikonyo," nikasema mimi, "hiyo imeandikwa na daktari."

"Daktari ni mtoto wa juzi. Mimi nimezaa."

Umezaa mmoja, nilitaka kumwambia. Namshukuru Mungu kwamba siku hiyo ulimi ulinitii.

Aliondoka na kiondo chake mchana ule, ameridhika kabisa kwamba ameokoa jina lake. Mimi sikuolewa Othaya, kwa hiyo sikuwa na wa kumwonea haya. Asubuhi iliyofuata nilimchukua Watiri hadi kwa daktari Mutahi, tukamweleza. Hakucheka. Alimwomba Watiri ruhusa, akapiga simu Othaya, akaiweka kwenye spika.

"Shosho," akamwambia Phyllis kama bibi yake, "dawa ni moja, na nyinyi wote wawili mnaihitaji. Kwako inalinda njia ya moyo. Kwa huyu inalinda njia ya mtoto. Yule wa kwanza alikuja mapema, hatutaki wa pili akuje mapema."



"Wa kwanza gani?" Phyllis akauliza.

"Yule wa Julai, shosho."

Simu ikakatika. Baadaye Phyllis alisema ni netiweki ya Othaya. Netiweki ya Othaya haina shida yoyote.

Watiri akapata dawa nyingine, akaimeza kila jioni. Lakini Phyllis hakupiga simu tena, wala kuja. Gikonyo ndiye aliyepiga, nami nikiwa kwa Watiri nikasikia upande wake tu. "Mama amekasirika? Sawa… Hapana, ni daktari alipiga… Niko sawa. Wewe je? Sawa." Huo ndio ulikuwa mwisho wa mazungumzo ya mume na mke. Alibaki ameishika simu, akaifuta kioo kwa kanga yake kana kwamba ilikuwa chafu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwake hakuja mgeni.

Mwezi wa saba wa mimba ukafika, ule ule wa hofu yake. Yaliyofuata niliyasikia kwa Jasumati mwenyewe, maana mimi nilikuwa kibandani nikigombana na mtu kuhusu kopo.

Watiri alikuwa akikata pazia la mteja. Jasumati alipita nyuma yake, akaona pindo limekwenda upande. Watiri, ambaye hakati upande. "Watiri, hii nini?" Mkasi ulikuwa unatetemeka mkononi. Jasumati akamwekea mgongo wa kiganja kwenye paji la uso, na pale pale akapiga kelele kwa lugha yao, na Ishwarlal, mtu ambaye haachi kaunta hata nyumba ikiungua maadamu kuna mteja ndani, akatoka mbio na ufunguo wa gari. Wateja waliachwa na vitambaa vyao mkononi. Jasumati akaketi nyuma naye, amemshika mkono. "Mimi naambia yeye, iko mama yako hapa," aliniambia. "Yeye naangalia dirisha tu."

Hospitalini mkojo ulipimwa, wadudu wakaonekana. Tumbo lilikuwa limeshaanza kubana. Wakamtundikia dripu ya dawa, wakamdunga sindano za kuyakomaza mapafu ya mtoto, iwapo atatoka. Hayo ya iwapo waliyasema mbele yake.

Nilifika saa ya kuwaona wagonjwa. Alikuwa amelala ubavu, ameuelekea ukuta. Kila tumbo lilipobana, vidole vyake vilikamata shuka, vikaachia. Nilimwita. Hakugeuka.

"Mama Griffins," akauambia ukuta, "akitoka, usiwaache waseme ati ni tumbo iliharibika. Utasema ulimwona. Hata kama hutamwona."

"Hatoki," nikasema.

"Utasema?"

"Nitasema! Lakini hatoki." Nilimkemea kama mtoto, kwa kuwa niliogopa sana. Kisha nikalala kwenye ukingo wa kitanda nyuma yake, na unene wangu wote, mpaka nesi akanifukuza.

Tumbo liliendelea kubana siku ile, na iliyofuata likapunguza, kisha likaacha. Daktari Mutahi alipokuja alikuwa amenyoa ndevu vibaya, kwa haraka. "Hii mara mlikuja nduru haijafika kijiji ya pili," akasema. Watiri hakutabasamu. Alilia kwa muda mrefu, kimya kimya, na hakuna aliyemnyamazisha.

Walimweka wodini wiki kadhaa. Aliporudi kazini alikuta kiti kirefu nyuma ya kaunta, ambapo kwa desturi ya duka lile hakuna anayeketi. "Kaa," Jasumati akamwambia. "Kata kitambaa ukikaa." Mimba ilipokaribia mwisho daktari akamwachisha kidonge. Akajifungua mwezi wa tisa ukiwa umetimia, mchana, mtoto mwenye sauti ya kudai.

Ni msichana. Gikonyo alikuja kutoka Timau, safari hii bila matope, akiwa na shati jipya. Na Phyllis alikuja. Aliingia wodini na kibuyu cha uji na shali nyeupe aliyoifuma mwenyewe, uso wake umefunguka hata sikumjua. Hasira yote ilikuwa imeisha. "Murugi amekuja!" aliiambia wodi nzima. "Niliwaambia atakuja!" Wanawake wakapiga vigelegele kutoka vitandani. Nikamwangalia Watiri. Alikuwa amemshika mtoto kifuani, na hakuwa amecheka.

Nesi akaja na karatasi za kuandikisha mtoto.

"Huyu ni wa ngapi, mami?"

Gikonyo akatazama sakafu. Mimi nikauma ulimi, maana safari hii haikuwa kazi yangu kujibu.

"Wa pili," Watiri akasema.

"Jina?"

"Ngendo."

Nesi akaandika. Kwake lilikuwa jina tu. Lakini kwetu sote wengine, jina hilo la mama yake Watiri, jina la msichana wa pili, halikuhitaji kuelezwa. Mkono wa Phyllis ulikuwa umeshika pembe ya shali, ukasimama hapo hapo.

"Na Murugi?" akauliza. Sauti ilikuwa imezeeka ghafla.

"Murugi alikuja, Maitu. Alikuja ile Julai. Alikaa usiku moja."

Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyesikia, akaingilia kwa wema wake. "Si basi aitwe Njoki, ni kama amerudi." Ndivyo wengi wetu hufanya mtoto akifa, anayefuata huitwa Njoki, yaani aliyerudi.

"Hakurudi," Watiri akasema. "Yule alikuwa mwingine. Huyu ni mwingine. Nimezaa wawili."

Gikonyo alikwenda dirishani, akasimama akitugeuzia mgongo, na mabega yake yakaanza kutikisika. Hakuna aliyemfuata. Phyllis alikaa kwenye kiti. Nilitazamia ainuke, achukue kibuyu na shali yake, arudi Othaya na netiweki yake mbaya. Nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kumsindikiza nayo. Lakini nilipomtazama usoni maneno yaliniishia, maana nilimwona anahesabu. Jina alilolisubiri miaka yote lilikuwa limekwisha kuja, na ni yeye aliyesema liachiwe hospitali.

Alikaa hivyo mpaka mtoto akanyonya, akalala. Kisha akaitandaza ile shali, taratibu, juu ya Ngendo, akaikunja vizuri chini ya kidevu. Hakuondoa mkono.

"Huyo Murugi," akasema, bila kumwangalia Watiri, "alikuwa na nywele?"

Tangu Julai ile, hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Watiri mtoto wake alikuwa wa namna gani. Hata mimi, na mdomo wangu huu.

"Nyingi, Maitu. Nyeusi. Zilikuwa zimefika kwa shingo."

Phyllis akagusa kitambaa cha kichwa chake. "Hata mimi waliniambia nilizaliwa hivyo," akasema. Akasogeza kiti karibu na kitanda. "Niambie ingine."

Watiri akafuta uso kwa shuka, akaanza na jinsi alivyolia.